Mboga za Majani Katika Vyungu vya Mataifa

Watu wengi katika nchi zetu, wakiulizwa jana walikula nini, hujibu kwa sauti ndogo, "Tulikula ugali kwa mboga tu." Neno hilo "tu" ndilo tutakalo kulitazama leo, maana lina habari nyingi ndani yake. Mtu aliyekula nyama hasemi "nyama tu," wala aliyekula samaki hasemi "samaki tu." Bali mchicha, mnavu, kisamvu, majani ya maboga na majani ya kunde, hayo yote hufungwa katika furushi moja na kutiwa alama ya umaskini. Mgeni akibisha hodi ghafula, mama huficha chungu cha mboga uvunguni, na mtoto hutumwa kwa jirani kukopa mayai.

Sisi tu walimu, na kazi ya mwalimu ni kuuliza sababu ya jambo kabla ya kulisifu au kulikataa. Basi tulitaka kujua kama mataifa mengine nayo huona haya kwa ajili ya majani yaliyomo chunguni mwao. Tumesoma vitabu, tumewauliza watu waliosafiri, na mengine tumeyajaribu jikoni kwetu pamoja na mwenzetu wa nyumbani, ijapokuwa majirani walishangaa kumwona mwalimu akimenya vitunguu. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea wasomaji, pamoja na sababu iliyotusukuma kuyatafuta.

Sababu yenyewe ni hii. Katika darasa la kwanza la shule tunayofundisha alikuwako mtoto mmoja wa kiume, mwepesi wa kusoma wakati wa mchana, lakini jua likiisha kutua alikuwa kama mtu mwingine. Alijikwaa juu ya vigoda, alipapasa ukuta akiutafuta mlango, na wenziwe walimcheka. Baba yake alidhani ni uvivu, na bibi yake alidhani mtoto amerogwa. Sisi tulimpeleka zahanati pamoja na mama yake. Muuguzi alimtazama, akasema kwamba huu ni ugonjwa wa kutoona usiku, uletwao na upungufu wa vitamini A. Akampa dawa yake, kisha akamwuliza mama mtoto hula nini nyumbani. Mama akajibu, "Ugali na maharage, na siku nyingine ugali kwa chumvi." Muuguzi akasema, "Je, kwenu hakuna mboga za majani?" Akajibu, "Zipo, dada. Mchicha umejaa kandokando ya mfereji, na majani ya maboga yamefunika ua mzima. Lakini baba yao hataki majani katika nyumba yake. Asema hayo ni chakula cha mbuzi."

Jibu hilo halikututoka moyoni. Mtoto alikuwa akipapasa ukuta gizani, na chakula cha kumkinga kilikuwa kimeota penye kizingiti cha mlango wake. Maana majani yenye rangi nzito ya kijani yana kitu kiitwacho karotini, na mwili wa mwanadamu hukigeuza kitu hicho kuwa vitamini A, ambayo ndiyo huliwezesha jicho kuona palipo na mwanga hafifu. Tena Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kila siku. Basi aliyemnyima mtoto yule si ukame wala njaa. Aliyemnyima ni neno lile "tu."

Na tuanze safari yetu kwa jirani, yaani Ethiopia. Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi la nchi ile hufunga siku nyingi sana katika mwaka. Kila Jumatano na Ijumaa hawali nyama, wala maziwa, wala siagi, wala mayai, na Kwaresima yao ina siku 55. Kwa ajili hiyo wapishi wao wamepata ustadi mkubwa wa kupika vitu vya shambani. Huoka mkate mpana na mwororo uitwao injera, wa unga wa nafaka ndogo sana iitwayo tefu, na juu ya mkate huo hupanga vyakula mbalimbali: dengu zilizoungwa kwa pilipili, uji mzito wa unga wa mbaazi ndogo au njegere uitwao shiro, na majani ya jamii ya haradali waitayo gomen, yaliyopikwa kwa vitunguu na vitunguu saumu. Watu huketi kulizunguka sinia moja na kula kwa mkono, kama sisi.

Jambo moja katika upishi wao lilitupendeza sana. Wanapopika mchuzi, hutia vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo katika chungu kikavu, bila mafuta, wakavikoroga polepole juu ya moto mdogo mpaka viwe laini na vitamu, ndipo watie mafuta na viungo. Tulijaribu hivyo kwetu. Mafuta yaliyotumika yalikuwa nusu ya yale ya kila siku, na mchuzi ukawa mzito pasipo nyama. Twaona Waethiopia hawakuzifanya mboga kuwa chakula cha aibu, bali wameziweka katika siku zao za heshima ya dini, na kwa hiyo tajiri na maskini huzila siku ile ile kutoka sinia za namna moja.

Tuvuke bahari twende Punjab, nchi ambayo mwaka 1947 iligawanywa kati ya India na Pakistan. Wakati wa baridi wakulima wa huko huchuma majani ya haradali, wakayachemsha muda mrefu pamoja na tangawizi na vitunguu saumu, wakayaponda kwa mwiko mpaka yawe laini, na kutia unga kidogo wa mahindi ili yashikamane. Juu yake huweka samli. Je, wasomaji wadhani chakula hicho huliwa na nini? Huliwa na mkate wa unga wa mahindi! Mahindi asili yake ni Amerika, nayo hayakujulikana Asia wala Afrika kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Lakini Mpunjabi na sisi, pasipo kushauriana, tuliupokea mgeni huyo kwa namna moja, tukamweka kando ya majani. Tofauti ni kwamba Mpunjabi hujisifu kwa chakula hicho, hata akihamia London au Toronto hukitamani kama mtu atamanivyo kwao.

Tulipoona hayo tuliendelea kuutafuta "ugali na mboga" katika nchi nyingine, nasi tuliupata mahali pengi. Katika Brazil, jimbo la Minas Gerais, watu hupika sima ya mahindi waitayo angu, nao huila na majani ya jamii ya sukuma wiki yaliyokunjwa pamoja na kukatwa membamba kama nyuzi, kisha yakakaangwa upesi kwa vitunguu saumu. Wareno nao hukata majani ya namna hiyo vivyo hivyo na kuyatia katika mchuzi wa viazi uitwao caldo verde.

Lakini mahali palipotugusa zaidi ni majimbo ya kusini ya Marekani. Huko watu weusi, ambao wazee wao walichukuliwa Afrika kwa nguvu na kufanywa watumwa, walipika majani kwa chungu kikubwa juu ya moto wa polepole. Nyama waliyopewa ilikuwa vipande visivyotakiwa mezani pa mabwana, nao walivitia chunguni ili majani yapate ladha. Jani lenyewe, liitwalo huko collard, ni ndugu kabisa wa sukuma wiki. Maji yaliyobaki chunguni hawakuyamwaga. Waliyaita kwa jina lake maalumu, potlikker, wakayanywa na kuchovya ndani yake mkate wa mahindi. Leo tunajua kwa elimu jambo lililofaidiwa na vinywa vyao, maana vitamini C na baadhi ya vitamini nyingine huyeyuka katika maji, na mtu amwagaye maji ya mboga amemwaga sehemu ya chakula chake.

Hata wakuu wa nchi ile walifika kubishana juu ya maji hayo. Mwaka 1931 Huey Long, gavana wa Louisiana, alijadiliana na gazeti la Atlanta Constitution kama ni adabu kuchovya mkate wa mahindi katika maji ya mboga au kuuvunjavunja ndani yake. Gavana alishika upande wa kuchovya, gazeti likashika upande wa kuvunjavunja, na nchi nzima ilicheka na kushiriki. Tena mwaka 2011 jimbo la South Carolina liliweka kwa sheria kwamba jani la collard ndilo mboga rasmi ya jimbo. Basi tazameni: jani lile lile ambalo Kenya twaliita sukuma wiki, yaani kitu cha kulisukuma juma mpaka fedha zipatikane, kwingine limepewa cheo kwa sheria. Jani halikubadilika. Lililobadilika ni jicho la mtazamaji.

Wachina wana hekima nyingine, nayo ni ya kisu na moto. Hukata mboga vipande vidogo vilivyo sawa, huweka mafuta kidogo katika karai lenye moto mkali sana, wakatia mboga na kuzigeuza bila kukoma. Kwa dakika chache tu zimeiva, nazo zingali na rangi yake na ukakamavu wake. Njia hii ina faida mbili kwetu. Kwanza, vitu vizuri vya mboga havipotei kwa kuchemshwa saa nzima. Pili, kuni hupungua. Nasi tuwaonao mama zetu na binti zetu wakirudi na mizigo ya kuni vichwani kutoka mbali twajua kwamba kuni si jambo dogo.

Huko Korea baridi ni kali, na theluji hufunika mashamba. Kwa hiyo kabla ya majira hayo, majirani hukusanyika, wakatia kabichi chumvi, wakaziosha, wakazipaka pilipili, vitunguu saumu, tangawizi na samaki wa chumvi, kisha wakazishindilia katika mitungi. Hapo huchachuka pole pole na kudumu miezi mingi. Chakula hicho ndicho kimchi, na desturi ya kukusanyika kukitengeneza huitwa kimjang. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo ya Korea Kusini katika orodha ya urithi wa wanadamu, na mwaka 2015 likaiandika ya Korea Kaskazini pia. Wasomaji wasidhani kwamba kwetu hakuna maarifa ya namna hii. Wagogo wa Dodoma hukausha mlenda wakati wa mvua ili wapate kitoweo wakati wa kiangazi, nao haujaandikwa na shirika lolote, lakini umewalisha watu wengi. Ila twashauri majani yakaushwe kivulini penye upepo, maana jua kali huiharibu karotini tuliyoitaja.

Japani napo palikuwa na mtawa wa Kibuddha jina lake Dogen. Mwaka 1237 aliandika kitabu cha kuwafundisha wapishi wa nyumba za watawa. Mojawapo ya mafundisho yake ni kwamba mpishi asiyadharau majani duni, wala asipate furaha ya kupita kiasi anapopewa vitu bora, bali aviandae vyote kwa uangalifu ule ule. Tulilifikiri sana neno hilo. Mara nyingi twasema mboga hazina ladha, na kumbe hazikupata uangalifu. Nyama huoshwa, hutiwa ndimu, huungwa kwa vitunguu na kutazamwa kila mara, bali mboga hutupwa tu katika maji ya moto na kusahauliwa. Kisha twazilaumu.

Wengine watasema, "Mwalimu, haya yote ni mazuri, lakini mtu mzima asiyependa kitu utamlazimishaje?" Swali hili laweza kujibiwa na habari za mabaharia wa Uingereza. Zamani wanamaji wa safari ndefu walikufa kwa wingi kwa kiseyeye, ugonjwa wa kutokwa damu kwenye ufizi na kung'oka meno, uletwao na ukosefu wa vitamini C, maana walikula nyama ya chumvi na mikate mikavu miezi mingi. Mwaka 1747 tabibu James Lind aliwajaribu wagonjwa 12 melini kwa dawa mbalimbali, akaona waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. James Cook alipoondoka mwaka 1768 na merikebu yake Endeavour kwenda bahari ya kusini, alichukua kabichi nyingi iliyochachushwa kwa chumvi, kama wafanyavyo Wajerumani, akitumaini itawakinga watu wake. Mabaharia waliikataa.

Cook hakuwapiga kwa ajili hiyo, wala hakuwahubiria. Aliamuru kabichi ile iandaliwe kila siku katika meza ya wakubwa wa merikebu, na maafisa wote waile mbele ya watu, akawaachia mabaharia hiari yao wachukue au waache. Juma moja halikupita ikambidi awapimie, kwa jinsi walivyoitaka. Yeye mwenyewe aliandika katika daftari lake kwamba ndivyo walivyo mabaharia: kitu kigeni hukinung'unikia hata kama ni cha faida yao, lakini wakiona wakubwa wao wakithamini, hapo huwa kitu bora kuliko vyote duniani. Sisi twaongeza kwamba si mabaharia tu. Watoto humtazama baba, wageni humtazama mwenyeji, na kijiji humtazama mzee.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baada ya kuzunguka nchi za watu twarudi katika shule yetu, ambapo jambo hili lilitusumbua kweli. Shule ilikuwa na shamba dogo la bustani, na wazazi walikuwa wakichanga unga kwa ajili ya chakula cha mchana. Tuliposhauri kwamba kitoweo cha siku tatu za juma kiwe mboga kutoka bustani yetu, mkutano wa wazazi ulichafuka. Mzee mmoja mwenye heshima, ambaye wajukuu wake wanne walikuwa shuleni, alisimama akasema, "Mwalimu, tumewaleta watoto wetu kwako wapate elimu. Hatukuwaleta walishwe kama mbuzi." Watu wakapiga makofi. Baadhi walisema wataondoa michango yao ya unga, na kama wangefanya hivyo, watoto wa mbali wangeshinda njaa mpaka jioni.

Tulijibu, "Mzee wetu, maneno yako tumeyasikia, nasi hatushindani nawe. Twaomba jambo moja tu. Ijumaa uje na wazee wenzako mle pamoja nasi. Mkisha kula, neno lenu ndilo litakalosimama." Hawakuweza kukataa, maana mgeni aliyealikwa kwa heshima hukataa kwa shida.

Siku ile mama wapishi na mwenzetu wa nyumbani walipika aina tatu. Ya kwanza ilikuwa majani ya kunde yaliyotiwa karanga zilizotwangwa. Ya pili ilikuwa mchicha uliokatwa mwembamba na kukaangwa upesi kwa vitunguu na nyanya. Ya tatu ilikuwa mnavu uliochanganywa na majani ya maboga ili kuupunguzia uchungu, kisha ukatiwa maziwa, kama wafanyavyo Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria. Chakula kiliwekwa katika sahani nzuri zilizokuwa zikitolewa kwa mkaguzi tu. Wazee waliketi mbele, walimu wakaketi pamoja nao, na watoto wakatazama.

Mzee yule alikula kimya. Alikula majani ya kunde, akala mchicha, na alipofika kwenye mnavu mkono wake ulisimama. Tulidhani umemshinda. Akasema polepole, wala si kwa ajili ya kuwasikizisha watu, "Mwalimu, wewe hukuwako. Mwaka 1974 mvua zilipokosekana, sisi tulikuwa watoto, na mama yetu hakuwa na kitu ila hiki. Alikipika asubuhi, alikipika jioni, bila unga, bila chumvi. Mdogo wangu alikufa mwaka ule. Tangu hapo nikiona mnavu, naona mwaka ule." Hakuna aliyeweza kunena. Kisha akaongeza, "Lakini haukuwa na ladha hii," akaendelea kula mpaka sahani ikaisha.

Wasomaji wapenzi, maneno ya mzee yalitufundisha kuliko vitabu vyote tulivyovitaja. Tulikuwa tumesikia kwamba watu hudharau mboga kwa kiburi, na huenda wako wa namna hiyo. Lakini wengi wa wazee wetu hawana kiburi. Wana majonzi. Majani yale ni kumbukumbu ya miaka ya njaa, nao waliapa moyoni kwamba watoto wao hawatakula tena chakula kile. Kiapo hicho kilitoka katika upendo, ijapokuwa matunda yake leo ni mabaya. Mtu wa namna hii hafai kuchekwa wala kukemewa kwamba ni mjinga. Afaa kuonyeshwa kwa upole kwamba majani hayakuleta njaa ile. Njaa ililetwa na ukame, na majani ndiyo yaliyobaki kusimama pamoja na mama yake vitu vingine vyote vilipokimbia.

Mkutano uliofuata ulikubali. Siku tatu za juma watoto hula mboga za bustani, na siku nyingine maharage. Hatuwezi kusema kwamba wote wameridhika. Baba wa mtoto yule asiyeona usiku hakuja siku ya chakula, na mpaka leo hali mboga. Lakini amemruhusu mkewe kuwapikia watoto. Mtoto sasa hucheza na wenziwe hata magharibi, wala hapapasi ukuta.

Tena twafurahi kuona kwamba wako wataalamu wa kwetu waliolitetea jambo hili kwa elimu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya, ambaye utotoni nyama, samaki, mayai na maziwa vilimdhuru, alikuzwa kwa mboga za asili, kisha alipokuwa msomi akazichunguza mbegu zake na faida zake. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi. Mnavu, mgagani, mchicha, kunde na mlenda, vitu vilivyokuwa vikiitwa magugu, aliviingiza katika chuo kikuu.

Kabla ya kumaliza, yafaa tuyaandike kwa ufupi yale ambayo nyumba yoyote yaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Kwanza, zioshe mboga kabla ya kuzikata, si baada ya kuzikata, ili vitu vyake vizuri visichukuliwe na maji. Pili, tia maji machache, na yanayobaki uyaache yawe mchuzi. Tatu, usikose kutia kitu chenye mafuta, kama karanga, ufuta, tui la nazi au mawese, kwa sababu karotini huingia mwilini vizuri ikifuatana na mafuta. Watu wa Pwani wapikao mchicha kwa nazi, na ndugu zetu wa Kongo wapikao sombe kwa mawese, walilishika jambo hilo zamani. Nne, kamulia ndimu au limau wakati wa kula, maana husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika majani, nayo yahitajiwa sana na wanawake wenye mimba. Tano, usipike muda mrefu isipokuwa kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu, lazima yatwangwe sana na kuchemshwa vizuri katika chungu kisichofunikwa mpaka sumu itoke. Hapo usiwe na haraka hata kidogo.

Na la mwisho ni lile la nahodha Cook na la mzee wetu. Mgeni akija, usikifiche chungu cha mboga. Kipakue katika sahani yako nzuri kuliko zote, ukae pamoja naye, ule wewe kwanza, na watoto wakuone. Akikuuliza umepika nini, mtajie jina la mboga yenyewe, kama ni mchicha useme mchicha, kama ni mnavu useme mnavu, na neno lile "tu" uliache nje ya mlango.